Nyumba ya Kiponda: shajara ya ukarabati, Januari hadi Septemba 2024

Jumatatu, 15 Januari

Leo nimekabidhiwa funguo. Nyumba ina ghorofa mbili juu ya maduka matatu ya chini, na imebanana na jirani zake kama zilivyobanana nyumba zote za mtaa huu wa Kiponda na za Mji Mkongwe wote wa Zanzibar. Uchochoro wa mbele ni wa watu wawili kupishana. Wenyewe ni ndugu wanne walioirithi kwa baba yao: wawili wako Unguja, mmoja Dar es Salaam, mmoja Muscat. Wanataka kituo cha biashara. Chini maduka yabaki maduka, juu ziwe ofisi ndogo za kukodi kwa mwezi, kwa washonaji, wahasibu, waongoza watalii na vijana wa kompyuta. Wamenipa masharti mawili, nami nimeikubali kazi kwa ajili ya masharti hayo. Nyumba isibomolewe kwa kisingizio cha kuitengeneza, na kwa maji na umeme ijitegemee kadiri inavyowezekana.

Nimezunguka na fundi mkuu, mzee aliyejenga kwa chokaa tangu ujana wake. Alifanya kazi kwenye ile Zahanati ya Zamani pale Malindi ilipokarabatiwa miaka ya 1990. Hakuandika chochote. Alikuwa akigonga ukuta kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. Ukuta mzima hujibu kwa sauti nzito na fupi, na ule ulioachana na lipu yake hulia kama ngoma. Ghorofa ya kwanza, ukuta wa magharibi umelia kutoka mlangoni hadi dirishani.

Jioni nimepita mbele ya Beit al-Ajaib. Jumba lile lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafariki. Mistari ya kwanza ya orodha yangu ya manunuzi ni nguzo za kuegemeza kuta, kofia ngumu na kamba. Sola itasubiri.

Jumatano, 24 Januari

Tumeanza kubandua saruji. Nitaeleza kwa urefu, maana huu ndio ugonjwa wa nyumba hii na wa nyumba nyingi za mji huu.

Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Hapa unene wake ni sentimita 55. Tumbawe lina vitundu na hunywa maji. Maji yanapanda kutoka ardhini, yanashuka kutoka kwenye paa linalovuja, mengine yanakuja na upepo wa bahari pamoja na chumvi yake. Chokaa nayo ina vitundu, kwa hiyo unyevu ulioingia usiku unatoka mchana jua likiwaka. Mafundi husema ukuta unapumua, na ndivyo ilivyo. Halafu akaja mtu, miaka mingi nyuma, akaipiga nyumba lipu ya saruji nje na ndani. Bila shaka alitaka kuikinga. Saruji ikaziba vitundu, maji yakaendelea kuingia kwa chini na kwa nyufa, yakakosa pa kutokea.

Kipande cha kwanza kilichobanduka kilikuwa kikubwa kama sinia la biriani. Nyuma yake jiwe lilikuwa limelowa na chokaa ya kati imegeuka tope la kijivu. Fundi akaingiza vidole viwili kati ya mawe, akatoa mchanga, akaniwekea kiganjani. Ulikuwa wa baridi.

"Onja, mwanangu."

Nikagusa kwa ncha ya ulimi. Chumvi tupu.

"Basi hiyo ndiyo inayozila boriti huko ndani," akasema, akarudi kwenye tindo yake.

Tunabandua kwa tindo na nyundo ndogo tu. Kijana mmoja alipendekeza mashine ya kutoboa, tungemaliza kwa wiki. Nimekataa. Ukuta uliolegea hivi hautikiswi.

Jumamosi, 10 Februari

Siku kubwa. Tulitaka kuchimba shimo la kuzimia chokaa kwenye kona ya ua. Jembe halijafika hata nusu mita likagonga kitu kikalia wazi. Tukaondoa udongo kwa mikono. Chini yake kuna birika la maji la zamani, limejengwa kwa mawe na kupakwa chokaa laini ndani, lipu yake bado inateleza kama kauri. Limejaa kifusi, chupa za soda na sufuria mbili zilizotoboka. Nimelipima: urefu mita 3.2, upana 2.1, kina 1.9. Hilo ni karibu lita 12,700.

Nilikuwa nimeshaweka tangi la plastiki kwenye bajeti. Nimelifuta leo leo.

Hesabu yenyewe: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu ni mita za mraba 140, na mjini Unguja hunyesha kama milimita 1,600 kwa mwaka. Hata tukipoteza robo kwa kumwagika na kwa mvua ya kwanza ya kuoshea paa, tunabaki na lita 168,000. Watu 30 wakitumia lita 15 kila mmoja kwa siku, birika likijaa linawatosha siku 28. Tatizo ni kwamba mvua inakuja kwa vishindo, masika na vuli, na birika moja halibebi neema yote ile. Kwa hiyo maji ya mvua yatakuwa ya vyooni, ya kufulia na ya kupigia deki, na ya kunywa yatabaki ya bomba. Nimewaeleza wenyewe hivyo hivyo. Sitaki wapangaji waahidiwe kisichokuwepo.

Chokaa tumeizimia kwenye mapipa badala ya shimo. Mawe yaliyochomwa yanaonekana meupe na mepesi, hayana dalili ya hatari, lakini ukimwagia maji yananyamaza kidogo, kisha yanapasuka na kutokota mpaka mvuke unafunika ua. Fundi mkuu amewarudisha vijana wote nyuma hatua kumi na kuwavisha miwani. Tone moja jichoni laweza kupofusha. Imezimwa, imefunikwa kwa maji, na hatutaigusa kwa wiki nne. Fundi angependa miezi mitatu.

Ndugu wa Muscat ameniuliza kwa simu swali zuri: chokaa si inachomwa kwa kuni, sasa uendelevu wake uko wapi? Nimemjibu kwamba inachomwa, ndiyo. Tumbawe linahitaji moto wa nyuzi 900 hivi, wakati saruji inahitaji karibu 1,450. Tena chokaa inapokauka ukutani inavuta kutoka hewani kaboni ile ile iliyolitoka jiwe tanurini, na hivyo ndivyo inavyorudi kuwa jiwe. Ya kuni hairudi. Tumenunua kwenye tanuri linalochoma mawe ya kuchimbwa nchi kavu, hayatoki baharini, na wanatumia magogo ya minazi iliyokwisha kuzaa. Kuhusu kuni bado moyo wangu haujatulia, na nimemwambia hivyo pia.

Alhamisi, 29 Februari

Tumemaliza kuhesabu boriti: 118. Kati ya hizo 41 zimeoza ncha, pale zilipoingia ukutani. Katikati ni nzima, ngumu kama chuma, baada ya miaka zaidi ya mia.

Watu wanaoingia nyumba hizi huuliza kwa nini vyumba ni virefu na vyembamba. Ni kwa sababu ya mkoko, mti wa boriti hizi. Boriti iliyonyooka ya kubeba dari la mawe na chokaa haizidi sana mita tatu, basi upana wa chumba ukaishia hapo. Mbunifu wa ndani waliyemleta wenyewe alitaka kuvunja kuta mbili za kati apate ukumbi mmoja mpana wa meza za pamoja. Nimempeleka hadi chini ya dari nikamwonyesha boriti zinapolala. Ukivunja ukuta ule, dari linakosa pa kulala. Amechora upya: vyumba vinabaki, tunafungua milango iliyokuwa imezibwa ili mtu aone kutoka mwisho hadi mwisho.

Mikoko hatukati. Zile boriti 41 tumezipunguza ncha mbovu na kuzihamishia kwenye ujia, ambako upana ni mita moja na nusu tu. Vyumbani zinaingia nguzo za mvinje wa kupandwa, zilizokaushwa vizuri, ncha zimepakwa dawa ya mchwa na kuachiwa nafasi ya hewa ndani ya ukuta.

Kazi iliyotutesa ni choo cha ghorofa ya pili. Mtu alimwaga zege na nondo juu ya boriti zilizochoka. Nondo ndani ya chumvi hushika kutu, kutu huvimba, zege hupasuka. Tumelitoa kipande kwa kipande siku sita, ndoo kwa ndoo, huku dari la chini limeegemezwa kwa nguzo kumi na mbili. Sikulala vizuri siku hizo.

Jumanne, 19 Machi

Ramadhani. Tunaanza mara baada ya sala ya alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri. Kazi nzito tumezisogeza mbele, sasa tunapiga lipu ya chokaa ndani, kivulini.

Kijana akiizoea saruji, chokaa inamsumbua moyo. Anapiga tabaka leo, anataka la pili kesho. Hapana. La kwanza lisuguliwe, linyunyiziwe maji, lifunikwe kwa magunia yaliyolowana asubuhi na jioni, lisipigwe na upepo. Likikauka upesi linapasuka na kuwa unga. Tumemweka mtu mmoja kazi yake ni magunia tu. Wenyewe waliona ni kupoteza mshahara, mpaka nilipowapeleka kwenye ukuta tulioacha bila gunia siku mbili nikawakwaruzia kwa ukucha.

Ndugu wa Dar es Salaam amekuja kufuturu na jamaa zake, akapitia kazini. Ameleta tena hoja ya kiyoyozi na vioo vya mbele. "Injinia, mteja wa leo hakai bila kiyoyozi." Sikubishana. Ilikuwa saa saba mchana, kaskazi imekwisha na mvua hazijaanza, jua la Machi linachoma. Nikamwingiza kwanza kwenye duka la jirani lililopigwa saruji na kuezekwa mabati bila dari. Akatoka anajipepea kwa kofia. Kisha tukapanda ghorofa ya kwanza kwetu. Mwezi uliopita tuliondoa mabati ambayo mtu aliyafunikia ua, na tangu hapo nyumba imepata bomba lake la hewa: hewa ya moto inapanda uani na kutoka juu, ya baridi inavutwa kutoka uchochoroni kupitia milango ya chini. Pazia la ngazini lilikuwa linacheza lenyewe. Kipimajoto kilisoma 33 nje na 28 ndani. Sehemu ya ubaridi ule ilitokana na lipu ambayo bado mbichi, na nilimwambia hivyo ili nisimdanganye. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanyamaza kitambo.

Tumekubaliana hivi: feni za dari kila chumba, na kiyoyozi kimoja tu, chumba cha mikutano.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimefanya kosa. Baada ya Idd kulikuwa na siku nne za jua, nikaruhusu lipu ya nje ukuta wa mashariki kabla mifereji ya paa haijafungwa. Fundi mkuu alinitazama, akauliza mara moja tu, "Una hakika?" Nikasema ninayo. Usiku wa Ijumaa masika ikashuka kama iliyomwagwa kwa ndoo, maji ya paa yakapita moja kwa moja juu ya ukuta. Asubuhi lipu ya siku kadhaa ilikuwa chini uchochoroni, nyeupe kama maziwa, na mama wa nyumba ya pili anairuka kwenda sokoni na kapu lake.

Nimewaandikia wenyewe leo kwamba uamuzi ulikuwa wangu na mafundi hawahusiki. Vijana wanalipwa siku zao zote. Chokaa iliyoanguka haitumiki tena ila kujazia sakafu.

Mifereji inafungwa kesho.

Jumapili, 5 Mei

Kimbunga Hidaya. Tangu Ijumaa boti za Dar es Salaam zimesimama. Tumeshinda juzi yote tukifunga maturubai kwa kamba za mnazi na za nailoni, tumeteremsha mbao zote za jukwaa la juu, nimewakataza watu kulala kazini. Jumamosi upepo ulivuma na bahari ikachafuka, lakini kishindo chenyewe kiliangukia upande wa Mafia na pwani ya kusini. Kwetu limepotea turubai moja.

Na birika limejaa. Tulikuwa tumelisafisha na kulipaka chokaa upya wiki mbili kabla, kichujio cha mchanga na mkaa kimefungwa juu yake. Leo asubuhi nimefungua mfuniko: maji yamefika shingoni, meusi kwa giza, tulivu, na sauti yangu imerudi kutoka ndani. Fundi mkuu alichota kwa kata, akanawa uso.

Alhamisi, 18 Julai

Sola imefungwa. Paneli kumi na nne za wati 550, ambazo zilikaa bandarini Dar es Salaam wiki nzima kwa ajili ya kimbunga na baadaye kwa ajili ya karatasi. Zimelala kwenye mteremko wa nyuma unaotazama kaskazini, na mtu akiwa uchochoroni hazioni. Mamlaka ya Mji Mkongwe ilitaka hivyo kwenye kibali, nami naafiki. Mji huu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na sura yake ni sehemu ya sababu. Skrubu zote ni za chuma kisichoshika kutu. Hewa ya hapa ina chumvi, ukibana senti kwenye skrubu utalipa paneli.

Nataka niandike kwa nini sola kwangu ni jambo la moyo. Mwaka 2008 umeme unaotoka bara ulikatika, kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Tukadhani tumeshaona. Desemba 2009 ukakatika tena, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu. Mama yangu alikuwa akiuza malai na maji ya barafu pale Michenzani, mtaji wake wote ulikuwa friza moja. Wiki ya kwanza aligawa malai kwa watoto wa jirani yasiyeyuke bure. Wiki ya pili aliuza mbao za benchi. Wenye hoteli walikuwa na majenereta, wao waliendelea. Waliofungwa ni watu wa friza moja, cherehani moja, saluni ya kiti kimoja. Watakaokodi vyumba hivi ndio hao hao. Tangu 2013 kuna waya mpya mkubwa zaidi chini ya bahari na hali ni nafuu sana, lakini mimi siwezi kujenga nyumba ya biashara Unguja nikaitegemeza kwenye waya mmoja.

Betri zinabeba taa, feni, kompyuta, intaneti na cherehani za umeme kwa saa sita. Pasi na kiyoyozi havimo, na kila soketi imeandikwa ipi ya betri na ipi si ya betri.

Jumatatu, 12 Agosti

Suala la baraza. Mchoro wa awali ulikuwa na kioo cha duka kinachoanzia chini, na ili kiingie, baraza la mawe la mbele lingekatwa. Kwenye baraza hilo mzee wa kahawa anaweka dele lake kila alasiri tangu kabla sijazaliwa. Leo amenisimamisha, kwa adabu zake zote.

"Injinia, nimesikia mnaleta biashara kubwa. Basi nipe siku nitafute pengine."

Nimemjibu, "Mzee wangu, baraza haliguswi. Mimi mwenyewe nakunywa hapa."

Hakuwa na haja ya kunishukuru, na nilimwambia. Kioo kimeondolewa mchoroni, milango mitatu ya mbao ya maduka inatengenezwa. Dada mkubwa wa familia aliposikia alisema baba yao alifungia mikataba yake yote pale nje, hakuna hata mmoja alioufungia ofisini. Yeye ndiye aliyewashawishi ndugu zake kwa simu.

Ijumaa, 20 Septemba

Chokaa ya mwisho ya kupaka imeshapigwa, tabaka tano nyembamba. Ukuta wa magharibi ulioniogopesha Januari nimeugonga kwa mpini wa nyundo kutoka mlangoni hadi dirishani. Sauti fupi, nzito. Fundi mkuu alikuwa ngazini anasikiliza, hakusema neno, ila alishuka akitabasamu.

Wapangaji wanne wamesaini. Wa kwanza kuingia ni mshonaji wa mabuibui na wasaidizi wake wawili, wamechukua chumba cha ghorofa ya kwanza chenye madirisha mawili ya uchochoroni. Jana umeme wa mtaa ulikatika saa tano asubuhi. Nilikuwa uani. Nikasikia jenereta la jirani linawashwa, na juu yangu cherehani tatu hazikusita.

Yaliyobaki: vipimajoto vya kuacha ukutani mwaka mzima, maana namba za siku moja ya Machi hazitoshi. Bomba moja la birika linavuja kwenye koki. Mfaa, ule ubao wa wima wa katikati ya mlango mkuu, umeliwa chini na unahitaji kiungo kipya cha mti. Fundi mlango anakuja Jumatatu saa mbili. Mapipa mawili ya chokaa iliyozimwa Februari tumeyaacha uani, yamefunikwa kwa maji, kwa ajili ya viraka baada ya vuli. Kijana wa magunia ndiye aliyeomba awe mtu wa kuyatazama.